Mkia wa Gurudumu la Mbele

Ukitaka kumuudhi shangazi yangu, mpelekee baiskeli iliyogonga ukuta, halafu umwambie, "Fundi, ninyooshee hii foku iwe wima kama rula." Atakutazama toka utosini hadi unyayoni. Ataweka spana chini. Kisha atakuuliza kama ukienda hospitali na goti lako huwa unamwagiza daktari alinyooshe lisikunjike tena. Nimewaona watu wazima, na ndevu zao, wakitoka karakana ile wamenywea kama vifaranga vya mvua, na kesho yake wakarudi kwa adabu: "Fundi, fanya unavyojua wewe." Hapo sasa mtaelewana.

Mtaa mzima unamwita Bi Timazi. Timazi, kwa asiyeijua, ni lile pande la chuma lenye ncha ambalo waashi hulining'iniza kwenye uzi ili waone kama ukuta umesimama sawa. Hiyo yake ilikuwa ya babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mwashi. Babu alipofariki, ndugu wengine walikuwa wakigawana viti na masufuria, shangazi akachukua timazi akaondoka zake, na watu wakamwona hamnazo. Leo hakuna baiskeli wala pikipiki inayotoka mikononi mwake bila ile timazi kushuka mbele yake kwanza.

Mimi ni mshonaji. Chumba changu na karakana yake vimetenganishwa na ukuta wa mbao usiofika darini, kwa hiyo cherehani yangu na nyundo yake husikilizana mchana kutwa, na sisi wenyewe tunaongea bila kuonana. Ndiyo maana somo lake nalijua kwa moyo, ingawa mimi na baiskeli ni mbalimbali. Mteja mbishi akija, nasikia kiti kinasogezwa, kisha sauti: "Njoo nikuonyeshe mkia."

Anaisimamisha baiskeli katikati ya sakafu ya saruji. Anavuta kamba kufuata mlalo wa shingo, yaani lile bomba fupi la mbele ambamo usukani unapita. Kamba inashuka kwa mshazari mpaka sakafuni, na pale inapogusa anapiga alama ya chaki. Kisha anaishusha timazi kutoka katikati ya gurudumu la mbele, moja kwa moja mpaka chini, anapiga alama ya pili. Alama hii ya pili inakuwa nyuma ya ile ya kwanza. "Umeona? Shingo imetangulia, gurudumu linafuata. Nafasi iliyobaki hapa katikati ndiyo mkia." Anasema ni mambo yaleyale ya kitoroli cha sokoni: ukikisukuma, vile vigurudumu vya mbele vinageuka vyenyewe na kufuata nyuma, hata kama hukuviambia. Mkia ukiwa mrefu, baiskeli inashika njia yake na kukataa kugeuzwa. Mkia ukiwa mfupi, unaiambia kidogo tu inasikia. Na mkia unatengenezwa kwa vitu viwili. Shingo ukiilaza zaidi, mkia unarefuka. Foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ukiipinda mbele zaidi, mkia unafupika.

"Elimu yote ni hiyo," anamaliza. "Mengine ni jasho."

Sasa sikiliza jinsi elimu hiyohiyo ilivyomtoa jasho mwenyewe.

Baba yangu ni kaka yake, wamefuatana ziwa. Kazi ya baba ilikuwa kusambaza mikate. Alfajiri anakwenda kwenye tanuri, anajaza kikapu kikubwa cha mbele, anazunguka mtaa kwa mtaa, geti kwa geti. Lakini watu hawakumwita Baba Mikate, walimwita Baba Salamu. Alikuwa akifika mlangoni pa mtu anauinua mkono wa kulia juu kabisa, kiganja wazi, na kupaza sauti, "Mmeamkaje humo!" Aliinua kwa mkubwa na kwa mtoto, kwa anayenunua na asiyenunua. Mama alikuwa akimtania kwamba ameshawahi kuisalimia milango iliyofungwa na mbuzi waliofungwa.

Kisha kiharusi kikampiga. Uso ulirudi, mguu ukarudi, maneno yakarudi yote na mengine ya ziada. Mkono wa kushoto haukurudi vizuri. Unashika, ndiyo, lakini unashika kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, vidole vipo na nguvu hamna. Yule dada wa mazoezi ya viungo alituambia vizuri tu: baiskeli ajaribu, mwili wake unajisawazisha vizuri, ila mkono huo asiutegemee kwa kazi nzito.

Kilichonikata maini si mkono. Baba aligeuza kiti chake cha barazani kikaelekea ukutani. Watu wakipita nyuma yake, "Baba Salamu, hujambo?", yeye anaitikia kwa mgongo. Mkono wa salamu ulikuwa mzima kabisa, jamani! Ulikuwa umelala pajani pake, mnene, mzima, hauna kazi. Nikimtazama nilitamani kukitupa kile kiti barabarani.

Mwenye tanuri alikuwa muungwana. Alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akasema, "Ndugu yangu, nafasi yako naishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikizidisha hapo wateja watanikimbia, wanataka mkate wa moto." Baba akasema ahsante kwa ukuta.

Shangazi alikuwepo. Alisimama papo hapo, mafuta ya mashine mpaka kwenye viwiko. "Kaka, hujamaliza. Nitakutengenezea baiskeli itakayokwenda yenyewe. Wewe utakuwa abiria!"

"Wifi," mama akamkata, "mume wangu si chuma cha kujaribia moto."

"Wifi yangu, ungekuwa chuma wewe, ningekunyoosha ulimi kwanza."

Ndivyo walivyo hao wawili. Tangu mama aolewe hawajapitisha siku bila kurushiana maneno, na akiugua mmoja, mwingine hali.

Wiki ile nilishona kwa mkono mmoja na sikio moja, maana kule upande wa pili kulikuwa na vita. Msumeno, tupa, moto wa kuchomelea! Alikata shingo ya fremu akailaza nyuma. Halafu, siamini macho yangu nilipochungulia, akaibana foku kwenye jiriwa, lile koleo kubwa la mezani, na kuanza kuinyoosha. Yeye! Mtesi wa wanaonyoosha!

"Shangazi, na wewe leo unanyoosha?"

"Leo nataka mkia mrefu kama wa nyani," akasema bila kuinua kichwa. "Mtu wa mkono mmoja hawezi kubishana na usukani. Baiskeli ishike njia yenyewe, yeye atulie tu."

Iliniingia akilini kabisa. Ingekuingia na wewe.

Shangazi ana mtindo wake wa kujaribu kazi, na mafundi wote wa eneo hili wameuiga. Nyuma ya karakana kuna mteremko. Baiskeli ikikamilika anaipandisha juu, anaipanda, anaachia usukani, anakunja mikono kifuani, na kujiachia hadi chini. Ikifika bila kuyumba, imepasi. Siku ile alishuka kilemba kikipepea nyuma, ameng'ata mdomo, na baiskeli ikanyooka kama imewekewa reli. Alipanda nayo akihema na kupiga kelele, "Mleteni! Mleteni kaka yangu!" Niliacha mkono wa gauni la watu ukining'inia kwenye sindano nikatoka mbio.

Tukajaza kikapu mikate. Baba alipanda, akasukuma pedali, akachanganya mwendo, na kwa kitambo kidogo ilikuwa raha tupu. Baiskeli ilikwenda nyoofu, mkono wa kushoto umepumzika tu juu ya usukani, majirani wametoka, mimi napiga vigelegele. Kisha akafika kwenye geti la jirani, na kwa mazoea yake akapunguza mwendo, akageuza usukani kidogo tu aelekee getini. Mbele yote ikalala. Kikapu, mikate, gurudumu, vyote vilianguka upande mmoja kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye hotuba ndefu, na mkono wake mmoja haukuweza kuviinua. Alikwenda moja kwa moja ndani ya shuka za jirani zilizoanikwa, akashuka nazo chini, kamba na vibanio vyake.

Watu walicheka. Na mimi ningecheka, kama aliyekuwa akitapatapa ndani ya shuka si baba yangu.

Alitoka goti limechubuka. Hakumlaumu mtu. Aliokota mkate mmoja, akaupangusa vumbi, akampa mama. "Nimekubali," akasema. "Mwambieni mwenye tanuri nafasi yangu ampe mwingine." Akaenda kukaa, kiti ukutani.

Mama aliiburuta ile baiskeli mpaka stoo, akafunga kufuli, akatumbukiza ufunguo kifuani. 

Kesho yake upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Nilichungulia: shangazi amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, timazi mkononi, anaizungusha kwa kidole. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa na jua lingali mbinguni. Nikaingia nimwambie lolote la kumpoza, na kabla sijafungua mdomo mama naye akaingia, mkono kiunoni.

"Umefurahi, wifi?"

"Sijafurahi."

"Hebu nieleze. Ile baiskeli ulimpimia nani? Maana nilikuona ukishuka mteremko kama umefukuzwa na nyuki, mikono kifuani, kikapu kitupu. Mume wangu umemwona lini akienda mbio? Na mikate inatembea yenyewe?"

"Baiskeli hupimwa hivyo. Nimepima hivyo maisha yangu yote."

"Basi hiyo ni yako. Ipande wewe!"

Jamani! Kwetu washonaji hilo ni kosa la kwanza unalofundishwa kulikimbia: mteja yuko mbali, unajipima mwenyewe kwa sababu mnaonekana mnalingana, unamshonea, akivaa makwapa yanambana. "Shangazi!" nilipiga kelele. "Umejipima wewe ukamshonea baba!"

Shangazi alinitazama, akamtazama mama. Timazi iliacha kuzunguka.

"Wifi," akasema, na sauti sasa haikuwa ya ugomvi, "nionyeshe anavyoendesha."

"Nitakuonyeshaje? Baiskeli sijawahi hata kuikalia."

"Wewe ndiye uliyesimama getini ukimtazama miaka yote hii. Mimi niko humu ndani, natazama baiskeli. Watu wakizipanda wanaondoka, siwaoni. Nionyeshe."

Mama alisonya. Akaangaza huku na huku, akaingia upande wangu, akachukua beseni langu la vifungo, akavimwaga vyote juu ya meza yangu bila hata kuniomba radhi, akarudi amelishika kingo kama usukani. Kisha akaanza.

Kwanza alijikweza hivi, anapanda. Akaenda polepole kuizunguka jiriwa. "Hapa ni kwa mama wa mapacha. Anapunguza. Anaweka mguu wa kulia chini, anatoa mkate. 'Mmeamkaje humo!' Anasukuma, anaondoka." Akapita chini ya ringi zilizotundikwa. "Hapa mbwa wa yule bwana mrefu. Anambembeleza kwa mdomo, hivi. Hapa kuna shimo, analikwepa kwa huku, akilikwepa lazima akohoe. Hapa geti la seremala, anaweka mguu chini. Hapa hakuna mtu, lakini anainua mkono, maana pana mlango." Alizunguka karakana nzima, njia yote ya baba, kila geti, na alikuwa ameshasahau kwamba amekuja kugombana. Alikuwa baba mtupu, mabega yake, kikohozi chake. Nilijua mama anampenda baba. Sikujua kwamba amemkariri.

"Rudia hapo," shangazi akasema ghafla. "Hapo anapoanza tena baada ya kusimama. Mikono inafanya nini?"

"Inatikisatikisa usukani. Hivi, hivi, hivi. Mpaka baiskeli ikae sawa."

"Kwa nguvu?"

"Nguvu ya nini? Kidogo kidogo, kama unapepeta."

Shangazi aliruka juu! Ndoo ilibiringika hadi mlangoni. "Hivi, hivi, hivi!" akapiga kelele. "Hajawahi kwenda mbio hata siku moja! Mtu wa mwendo wa konokono hujizuia kuanguka kwa kurekebisha kidogo kidogo, na mimi nimempa usukani ambao kila kirekebisho ni mzigo wa kuni! Halafu nikailaza shingo, halafu nikaweka mikate juu yake, lazima ianguke! Nimempa mkia wa mbio mtu asiyekimbia! Wifi, wewe ni fundi, umekosa spana tu!" Akamkumbatia, mafuta yote yakahamia kwenye gauni la mama.

"Gauni langu, we mwanamke!"

Lakini aliingiza mkono kifuani akautoa ufunguo. Hakumpa mkononi. Aliushika juu. "Mara moja tu. Atakwenda mpaka kwenye tanuri na kurudi, kikapu kimejaa, na juu ya mikate nitaweka trei la mayai. Likivunjika yai moja, baiskeli hiyo inatundikwa ukutani na hakuna atakayenitajia tena."

"Trei zima?"

"Zima."

"Mama," nikaingilia, "hata mtu wa mikono miwili..."

"Wewe okota vifungo vyako."

Siku zilizofuata, ewe msomaji, nilizipenda. Shangazi aliikata ile shingo kwa mara ya pili na kuisimamisha. Foku aliipasha moto ikawa nyekundu, akaipinda mbele, taratibu, akiipoza na kuipima, timazi inashuka, chaki inapigwa, anafuta kwa kiganja, anapiga tena. Kila mara zile alama mbili zilikuwa zimekaribiana zaidi. Mkia ulikuwa ukifupika mbele ya macho yangu, na mimi, niliyekuwa siwezi kutofautisha foku ya baiskeli na uma wa mezani, nilikuwa nashangilia kila alama.

Kikapu nacho alikitoa kwenye usukani akakifunga kwenye fremu yenyewe, chini karibu na gurudumu, ili usukani ukigeuka mzigo ubaki umetazama mbele. Ukiipanda mara ya kwanza unashtuka: unageuza mikono na kikapu hakigeuki! Breki aliihamishia kwenye pedali, ukikanyaga kinyume inashika, ili mkono wa kulia usiwe na kazi mbili.

Na kwenye mteremko hakwenda. Alichukua kitambaa changu kimoja akanipa nimfunge mkono wa kushoto mwilini. Akajaza mchanga kikapuni. Akapanga ndoo uani, kila ndoo ni geti, na kuanza kuzizunguka kwa mwendo wa kuchosha, anasimama, anainua mkono, anaziambia ndoo, "Mmeamkaje humo!" Alianguka juu ya rundo langu la sare za shule. Alianguka kwenye karai. Kila akianguka anarudi ndani, anaongeza mpindo kidogo, anatoka. Mafundi wenzake walikuja kumtazama wakidhani amechanganyikiwa. Mmoja akamwambia baiskeli yenye mkia mfupi vile itamtupa mtu mwendo ukizidi. "Kweli kabisa," shangazi akamjibu, amekaa chini, mavumbi hadi kwenye kope. "Ndiyo maana sijaitengeneza kwa ajili yako."

Siku moja mchana hakuanguka. Alizizunguka ndoo zote, akarudia, akarudia tena, akaanza kuimba.

Kumshawishi baba ilikuwa kazi ya mama. Baba alisema hapandi, alishaaibika inatosha. Mama akamwambia, "Mimi nimeshayanunua mayai. Unataka nikae nayo?" Baba akageuza shingo akamtazama. Mama ndiye aliyekuwa na hofu kuliko wote, na yeye ndiye alikuwa amesimama pale na trei. Akainuka.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mwisho ya mwezi. Tulifunga trei juu ya mikate ya jana kwa kamba ya kiatu. Baba aliushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya usukani, akakunja vidole kimoja kimoja. Akasukuma. Usukani ukatikisika, hivi, hivi, hivi. Mimi nilifumba macho.

Nilipofumbua alikuwa kwenye geti la jirani. Jirani, masikini, alikuwa ameshaanua nguo zake zote mapema. Baba alipunguza, akageuza, na mbele haikulala! Akaweka mguu wa kulia chini. Akasimama. Akaanza tena. Shangazi alinifinya mkono nikapata alama iliyokaa siku kadhaa. Geti la pili. La tatu. Akafika kwenye kona, akakata, akapotea.

Sijui kama umewahi kumngoja mtu kwenye kona. Tulikuwa tumesimama mstari mmoja, mama, shangazi na mimi, na majirani kila mmoja mlangoni pake anajifanya anafagia. Shangazi alikuwa ameitoa timazi mfukoni, anaiachia inashuka, anaipandisha, anaiachia, hapimi chochote. Mama alikuwa akisema peke yake, chini chini, "Sasa yuko kwa seremala. Sasa kwenye shimo. Sasa anakohoa." Mimi sina subira, nilitaka kumfuata, na mama alinishika gauni.

Kengele ikalia.

Alitokea kwenye kona kwa mwendo wake uleule wa zamani, kikapu kimejaa mikate ya moto aliyobadilishiwa kule kwenye tanuri, unaona mvuke wake, na trei limefungwa tena juu. Alikuwa na jasho. Hakuwa akitabasamu, alikuwa ameikazia macho barabara. Alipita kwa bwana mrefu, mbwa akabweka, akambembeleza kwa mdomo. Na alipofika kwa mama wa mapacha, wale mapacha walikuwa wamepanda juu ya ukuta, wakapiga kelele kwa pamoja, "Baba Salamu!"

Mkono wa kulia ukaachia usukani. Ukapanda juu, kiganja wazi. "Mmeamkaje humo!"

"Shika!" mama akapiga ukelele. "Shika usukani, mume wangu! Shi..."

Shangazi akamziba mdomo. "Usimwite. Usimwite, wifi. Tazama."

Nikatazama. Mkono wa kulia ulikuwa bado uko hewani, unapunga. Juu ya usukani ulikuwepo mmoja tu, ule wa kushoto, ule tulioambiwa tusiutegemee. Na vidole vyake vilikuwa vikisogea, kidogo sana, kama mtu anayepepeta: hivi, hivi, hivi. Na baiskeli ilikuwa ikimsikia.

Baba mwenyewe hakuwa amejua. Alijua alipoona nyuso zetu. Aliushushia macho mkono ule, akautazama, akatutazama, mkono wa kulia bado juu. Kisha badala ya kuurudisha, akauacha palepale! Akaja nao hivyohivyo mpaka getini kwetu, na mama akakimbia kumpokea, mikono yote miwili mbele, machozi yanamtiririka na hana habari nayo.

"Niache," baba akamwambia, akitupita. "Upande ule wote sijawasalimia tangu nilipougua."

"Na mayai yangu!" mama akalia, anacheka, anamkimbilia nyuma na ndala moja mguuni. "Wewe! Mayai yangu!"

Hakugeuka. Aliinua mkono tu.